Kwa Mikono Yake Mwenyewe

Jirani yangu aliponiomba nimtengenezee sanamu ya Coventina, mungu wa kike wa chemchemi wa zama za kale, nilimjibu kwamba nitalifikiria, na jibu la namna hiyo kwa mtu aliyelelewa Tanga ni "hapana" iliyofunikwa kawa ili isimuumize mwenye kuomba. Yeye ni mtu wa kaskazini mwa Uingereza, hakuzoea kukataliwa kwa mzunguko, kwa hiyo alinishukuru sana, na kesho yake asubuhi nikakuta ndoo ya udongo mlangoni kwangu. Alikuwa ameuchimba mwenyewe kwenye ukingo wa kijito kinachopita nyuma ya bustani yake, akautoa mizizi na mawe, kisha akaufunika kwa kitambaa kibichi kama mtu anayefunika unga wa maandazi usubiri kuumuka. Nikajua kwamba nimeingia katika jambo ambalo sitatoka kwa kunyamaza.

Ninaishi nje kidogo ya Hexham, mji mdogo wa Northumberland, na kazi yangu ni ufinyanzi: mabakuli, vikombe, vyungu vya maua, na mara mojamoja chetezo, pale Mswahili au Msomali wa Newcastle anapochoka na vyetezo vya umeme na kutaka kufukiza udi kwa kaa la moto. Jirani yangu ni mkunga mstaafu, mjane, na kwa miaka mingi amekuwa miongoni mwa wale Waingereza wa zama hizi walioirudia ibada ya miungu iliyoheshimiwa kisiwani humo kabla ya Ukristo, hasa miungu ya Wabritoni, wenyeji wa kale ambao lugha yao ndiyo iliyozaa Kiwelisi, Kikorni na Kibretoni. Madhabahu yake iko jikoni, kwenye ukingo wa dirisha lililo mbele ya sinki. Nilipokuwa bado mgeni kwake nilidhani ni pale mtu anapoweka vitu asivyojua pa kuviweka: bakuli la maji, sarafu chache, pini ya nguo ya shaba, jiwe la mtoni lenye tundu katikati, na picha iliyokatwa kwenye kijitabu cha makumbusho. Kilichonifanya niulize ni maji yale, kwa sababu niliona kwamba huyabadilisha kila asubuhi kabla hajateleka chai.

Picha yenyewe ni ya jiwe lililochongwa zama za Warumi. Mwanamke amejilaza kwa ubavu, mkono mmoja ameuegemeza juu ya chungu kilicholazwa, maji yakimiminika kutoka kinywani mwa chungu hicho, na mkono wa pili ameshika mmea wa majini. Chini yake mchongaji ameweka kitu ambacho wengi hukisoma kuwa ni jani kubwa la yungiyungi. Maandishi ya Kilatini yanaeleza kwamba jiwe limetolewa kwa mungu Coventina na Titus Domitius Cosconianus, kamanda wa Kikosi cha Kwanza cha Wabatavi, watu waliotoka mlangoni mwa mto Rhine, katika nchi ambayo leo ni Uholanzi. Hivyo basi yule anayeitwa mungu wa Wabritoni tunamjua kwa sehemu kubwa kupitia maneno ya wageni, askari waliopelekwa mbali na kwao, wakakuta chemchemi yenye mwenyewe, wakaona busara kumpigia hodi. Sioni ajabu katika hilo. Mgeni yeyote anayehamia mahali huanza kwa kuuliza maji ni ya nani.

Chemchemi hiyo iko Carrawburgh, mahali ambapo Warumi walipaita Brocolitia, moja ya ngome za Ukuta wa Hadrianus, ukuta wa mpakani wa dola ya Kirumi, ulioanza kujengwa mwaka 122. (Mwafrika anayesimama juu ya ukuta ule hana haja ya kujiona mgeni kupita kiasi, kwa maana katika karne ya 3 kikosi cha Wamauri wa Afrika Kaskazini kiliwekwa Burgh by Sands, upande wa magharibi wa ukuta huohuo.) Mwaka 1876 John Clayton, mwanasheria wa Newcastle na mwenye mashamba aliyetumia sehemu kubwa ya mali yake kununua ardhi ya ukuta ili mawe yake yasiendelee kubomolewa, alikifukua kisima kilichokuwa magharibi mwa ngome hiyo. Kilikuwa birika la mawe yaliyochongwa, upana wake takriban mita mbili na nusu, na lilikuwa limejaa: madhabahu za mawe zenye jina la Coventina, shanga, pini, mbwa mdogo wa shaba, fuvu la binadamu, na sarafu zaidi ya 13,000 zilizotupwa humo kwa vizazi vingi hadi karibu na mwisho wa karne ya 4. Hizo ni zile zilizohesabiwa tu. Habari zilipoenea, watu walivamia shimo na kujichotea kwa viganja, na hao hawakuacha orodha.

Jina lenyewe limeandikwa kwa namna nyingi juu ya mawe yale, Coventina, Conventina, Covontina, Covetina, kama linavyoandikwa jina la mtu ambaye kila mtu humsikia akiitwa lakini hakuna aliyewahi kuona cheti chake. Waliolichonga walikuwa akina Bellicus na akina Maus, huyu wa pili akiwa ofisa mdogo wa kikosi cha Wafrisiavoni, na sidhani kama mmoja wao alijali tahajia.

Jirani yangu aliwahi kunipeleka hapo. Kuna uwanja wa kuegesha magari, kisha njia ya miguu inayopita pembeni mwa ngome iliyofunikwa na nyasi, kisha hekalu dogo la Mithras, mungu aliyeabudiwa na askari wa Kirumi, lililogunduliwa mwaka 1949 baada ya ukame kuyafichua mawe yake. Wageni wote huishia hapo, kwa kuwa hapo pana kitu cha kupiga picha: nakala za madhabahu tatu zimesimama mahali pa zile halisi zilizohamishiwa Newcastle, na juu yake watu huacha sarafu, maua, wakati mwingine hata maganda ya machungwa. Cha Coventina hakuna kinachoonekana isipokuwa kinamasi chenye manyasi marefu nyuma ya uzio. Jirani yangu alisimama akiangalia manyasi yale kwa muda, kisha akaniambia kwamba hii ndiyo sababu madhabahu yake iko jikoni: kisima hakipo tena, ardhi inalindwa kisheria na si halali kuitupia wala kuifukia kitu, lakini maji ni yaleyale, na anaamini kwamba yanayotoka kwenye bomba lake yamepita chini ya milima hiyohiyo. Sikubishana na jiografia yake.

Nirudi kwenye ndoo ya udongo. Nimelelewa katika nyumba ya Kiislamu ambamo hata kalenda yenye picha ya mtu iligeuzwa uso ukutani wakati wa kusali, na bibi yangu mzaa mama, ambaye ndiye aliyenifundisha kufinyanga, alitengeneza vyungu, mitungi na vyetezo maisha yake yote lakini hakuwahi kufinyanga hata ndege wa kuchezea watoto. Mimi si mwanachuoni na sitaki kugeuza makala ya blogu kuwa fatwa. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kila nilipoketi na donge lile na kujaribu kuanza paji la uso la yule mwanamke, mikono ilisita, na mfinyanzi anajua kwamba mkono unaosita hutoa kazi yenye nyufa.

Wala siwezi kudai kwamba habari za chemchemi na mapango ni ngeni kwangu. Tanga tuna mapango ya Amboni, na ndani yake kuna mahali pa mzimu ambapo watu huenda na ubani, marashi na sarafu kuomba mtoto au afya. Nilipelekwa huko na shule nikiwa na miaka kumi. Mwalimu wetu alituambia kwamba yale yote ni ushirikina mtupu, kisha, kwa ukali uleule, akatukataza kugusa kitu chochote kilichowekwa pale. Nimeishi na amri zile mbili kwa pamoja tangu siku hiyo na sijawahi kuziona zikigombana.

Nilimpigia mama simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huko bado baridi?"

Nilimweleza habari yote, na yeye, kama kawaida yake, hakujibu swali nililouliza. Aliuliza jirani ana umri gani, ana watoto wangapi, na kama ndiye yule aliyeniletea supu nilipougua mwaka juzi. Nikasema ndiye. "Basi sanamu usifinyange," akasema, "lakini jirani usimwangushe." Kisha akaniuliza kama udongo wa huko unashika moto vizuri, na tukazungumza habari za udongo kwa nusu saa.

Mwezi wa Mei tulikwenda pamoja makumbusho ya Chesters kwa lile basi linalofuata ukuta, ambalo kwa utani wa kiserikali limepewa namba AD122. Nilikuwa nimeshaamua kumwambia ukweli tukirudi. Makumbusho yale yalifunguliwa baada ya Clayton kufariki, na bado yamepangwa kwa mtindo wa wakati ule: mawe yamesimama safu kwa safu kando ya kuta, vitu vidogo vimejazwa kwenye makabati ya vioo, na maelezo ni machache kiasi kwamba mtu analazimika kuangalia kwa macho yake. Tulimwona Coventina wa Cosconianus juu ya jani lake. Tuliliona pia lile jiwe jingine lenye wanawake watatu, kila mmoja ndani ya tao lake akiwa na vyombo vya maji, ambalo halina maandishi, kwa hiyo wataalamu wanaendelea kuvutana kama ni Coventina aliyeonyeshwa mara tatu au ni wenzake. Jirani yangu anaamini ni yeye mara tatu. Mimi nilikuwa nimeshapita mbele, kwa kuwa nilikuwa nimeona chetezo.

Vilikuwa viwili, vya udongo wa kuchomwa, vilivyotolewa kisimani humo mwaka 1876. Sijui nieleze vipi hisia ya mtu wa pwani anayekikuta chetezo cha miaka elfu moja na mia kadhaa katika nchi ya mvua na kondoo. Warumi walifukiza kwa miungu yao kama sisi tunavyofukiza kwa harusi na maulidi, na ubani wao ulitoka kusini mwa Arabuni na pembe ya Afrika. Mabaki yake yamekutwa katika makaburi ya Kirumi nchini Uingereza, na Mgiriki mmoja wa karne ya 1, aliyeandika mwongozo wa mabaharia wa bahari yetu hadi Rhapta, bandari ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, anazitaja bandari zake moja baada ya nyingine. Kwa hiyo undugu wa vyombo hivi haukunishangaza sana. Kilichonisimamisha ni maandishi. Kwenye kimoja, kabla hakijachomwa, mtu alikwaruza maneno haya kwa Kilatini: kwa Coventina Augusta, nadhiri, Saturninus Gabinius amekitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Naomba msomaji akae nami hapa kidogo, kwa sababu maneno yale yana uzito zaidi ya urefu wake. Neno la nadhiri, ambalo kwa Kilatini sanifu ni "votum", yeye ameliandika "votu", bila herufi ya mwisho, yaani kama lilivyotamkwa mitaani. Jina lake amelikata katikati: ameandika Saturninus, halafu "fecit", yaani "ametengeneza", halafu ndipo akaongeza Gabinius, kana kwamba alikwisha kumaliza kisha akakumbuka kuwa kambini kuna akina Saturninus wengine na mungu anaweza kukosea mtu. Na chombo chenyewe, kwa jicho la mfinyanzi, ni kazi ya mtu asiyefanya kazi hiyo kila siku. Angeweza kununua kizuri zaidi. Wenzake waliwalipa wachongaji mawe, wakatoa madhabahu zenye herufi zilizonyooka kwa rula, na katika kisima kizima kile chenye maelfu ya vitu, yeye ndiye aliyeona kuna haja ya kumwambia mungu kwamba hiki sikukiagiza, nimekifanya mimi.

Neno "nadhiri" nalo linahitaji kuelezwa, ingawa Mswahili atalielewa upesi kuliko Mwingereza wa leo. Katika dini ya Warumi na wote waliowaiga, zawadi kwa mungu kwa kawaida haikuwa pambo wala ombi. Ilikuwa malipo ya deni. Mtu aliahidi kwanza: ukinivusha mto huu, ukimponya mtoto wangu, nitakupa kitu fulani, na alipovushwa au mtoto alipopona, alileta kitu hicho na kuandika juu yake herufi nne zinazoonekana kwenye maelfu ya mawe ya dola ile, V S L M, ambazo maana yake ni kwamba ametimiza nadhiri yake kwa hiari, kama inavyostahili. Sisi husema mtu ameondoa nadhiri. Mtu akifa kabla hajaiondoa, jamaa zake hawalali.

Nilimgeukia jirani yangu pale mbele ya kabati nikamwambia kwa Kiingereza changu chote kwamba sanamu sitaweza, na nikamweleza kwa nini, na kwamba nilipaswa kumwambia tangu siku ya ndoo. Akasema alikwisha kujua. Alisubiri tu niseme. Nikamwambia kwamba chetezo ningeweza. Akayasoma maneno ya Saturninus kwenye kile kibao kidogo cha maelezo, akayasoma tena, kisha akanyoosha mikono yake mbele ya kioo. Vidole vyake vimepindwa na baridi yabisi. Vimepokea watoto wa nusu ya wilaya ile, na siku hizi havifungui hata kopo la jamu.

"Kama nataka kuandika hivyo," akasema, "basi haitakuwa mikono yako."

Hapo ndipo aliponiambia kwamba yeye naye ana deni. Mjukuu wake alizaliwa kabla ya wakati, miaka mitatu iliyopita, na usiku ule yeye, mkunga aliyejua vizuri kupita wote uwezekano wa mtoto yule kuishi, alisimama mbele ya sinki na kuahidi kitu bila kukitaja. Mtoto alikua. Kitu hakikuwahi kutolewa.

Basi nikawa mwalimu, nafasi ambayo dhamiri yangu iliipokea bila mikwaruzo mingi. Wapo wanaofuata njia yake ambao huchora kwa rangi za maji, hudarizi, huchonga mbao, na picha zao nyingine ni nzuri sana. Yeye alikuwa amejaribu kuchora na kukata tamaa. Udongo una faida kwa mkono wenye maumivu, kwamba unakubali kusukumwa kwa kiganja kizima. Ule wa kijitoni kwake ulikuwa laini mno na ungepasuka wakati wa kukauka, kwa hiyo nilitwanga magae ya vyungu vyangu vilivyovunjika, nikayachekecha, tukachanganya sehemu moja ya unga huo kwa sehemu nne za udongo, kama alivyofanya bibi. Tukaukanda hadi hewa yote ikatoka. Kisha kitako, kilichotandazwa ndani ya kisahani; kisha kamba za udongo zenye unene wa kidole, zikizungushwa moja juu ya nyingine, kila moja ikikwaruzwa na kupakwa uji wa udongo ili ishike, huku upande wa ndani ukilainishwa kwa kipande cha kibuyu nilichokuja nacho kutoka nyumbani.

Alitaka mguu uwe mwembamba katikati, kama vya kwetu, ili kishikike. Kila alipoubana ulilala upande, na kila ulipolala aliongeza udongo, mpaka chetezo kikawa kinene kama kinu. Nilijizuia kunyoosha mkono. Hili ndilo lililokuwa gumu kwangu kuliko yote, kuketi na kutazama kosa ambalo ningelisahihisha kwa pigo moja la dole gumba, na nakiri kwamba siku ya pili, alipokwenda kuchemsha maji, nilikunja ngumi nikaziweka chini ya mapaja. Kwenye mguu alikata matao matatu, yale ya jiwe la wanawake watatu. Nilidhani atajaribu kuweka sura ndani yake. Aliyaacha matupu, akasema matao yanatosha, na hakuniangalia alipokuwa akisema.

Tulibishana kuhusu herufi. Mimi nilitaka aandike kwa Kiingereza, lugha anayoiota. Yeye alitaka Kilatini, kwa hoja kwamba ndiyo lugha pekee ambayo tuna uhakika Coventina aliwahi kuandikiwa, na hoja hiyo sikuipatia jibu. Lakini neno Augusta alilikataa. Lilikuwa cheo cha nyumba ya kifalme, lililobandikwa kwa miungu ili ionekane kuwa nayo iko upande wa dola, na yeye hakuona sababu ya kumvisha mungu wa kijito sare ya jeshi lililomkuta hapo. Mimi, mzaliwa wa nchi iliyowahi kutawaliwa na Wajerumani na kisha na Waingereza, nilifurahi zaidi ya nilivyoonyesha. Aliandika kwa ncha ya sindano ya kufumia, udongo ukiwa umeanza kukaza lakini bado unakubali alama: kwa Coventina, nadhiri, kwa mikono yake mwenyewe, na jina lake. Nafasi ikaisha. Nusu ya jina ilibidi iende chini ya kitako.

Kosa lililofuata ni langu peke yangu. Chetezo kilikaa wiki mbili katika chumba changu cha kazi, rangi yake ikapauka, nikaona kimekauka. Bibi yangu hakuwahi kuamini macho katika jambo hilo. Alikuwa akikiweka chombo shavuni, na kama shavu lilihisi ubaridi alikirudisha kivulini, kwa kuwa ubaridi ule ni maji yaliyojificha ndani. Nimeifundisha kanuni hiyo kwa wanafunzi wengi. Siku ile sikuifuata. Tulikichomea bustanini kwangu, ndani ya pipa la chuma, kwa kuni za mbetula na majani makavu, na kabla ya nusu saa kupita tulisikia mlio kama wa korosho inayopasuka jikoni, kisha mwingine. Maji yaliyokuwa ndani ya kile kitako kinene yaligeuka mvuke na kukosa pa kutokea. Moto ulipopoa tulikuta vipande kumi na kitu, na tao moja zima.

Nilimwomba radhi. Hakulia wala hakunifariji. Aliviokota vipande vyote, akahesabu, akauliza kama magae haya nayo yanaweza kutwangwa. Nikamwambia yanaweza. Akayatwanga mwenyewe kwa siku tatu, kidogo kidogo, kwa kadiri mikono ilivyomruhusu, na ndiyo tuliyochanganya katika udongo wa chetezo cha pili, kwa hiyo nadhiri ya kwanza imo ndani ya ya pili, pamoja na herufi zake. Cha pili kilikuwa chembamba zaidi. Mguu uliinama kidogo upande wa kushoto na akauacha hivyo. Safari hii jina lilienea lote, lakini katika neno la nadhiri aliisahau herufi ya mwisho, ileile ya Saturninus, na nilipomwonyesha alicheka hadi akalazimika kuketi. Hakuirekebisha.

Tulisubiri hadi katikati ya Julai. Kila jioni alikiweka shavuni na kunipa mimi niweke shavuni, wanawake wawili wazima tukipokezana chombo kama mtoto mchanga, na siku tuliyokubaliana kwamba hakina ubaridi hata chembe tuliwasha moto mdogo, tukauchochea polepole mpaka usiku. Asubuhi kilitoka chekundu upande mmoja na cheusi upande wa pili, moshi ukiwa umekilamba ulivyotaka. Nilikigonga kwa kucha, kikalia.

Juu ya cha kufukizia hatukuvutana sana. Katika hekalu la Mithras, hatua chache kutoka kisimani, wachimbaji walikuta koni za misonobari zilizotayarishwa kwa ajili ya kuchomwa, na yeye alikuwa ameokota zake mlimani akazikausha juu ya jiko. Mimi nilimpa punje chache za ubani kutoka katika pakiti anayoniletea mama kila anapopata mtu wa kusafiri naye. Niliziita zawadi kwa ajili yake, mwenye nyumba. Alichofanya nazo baadaye ni shauri lake na aliyemwekea nadhiri.

Aliniita jioni. Alikuwa ameondoa picha ya jiwe ukingoni mwa dirisha na kukiweka chetezo mahali pake, kati ya bakuli la maji na lile jiwe lenye tundu. Kaa liliwekwa, likang'aa, likatoa moshi mwembamba, likazimika. La pili likazimika. La tatu lilidumu kidogo, nalo likafa, na nikaona uso wake ukianza kutafsiri jambo lile kwa namna ambayo sikuipenda. Nilitoka barazani nikampigia mama, ambaye kwake ulikuwa usiku mkubwa.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa kukuamsha. Kaa linazimika ndani ya chetezo."

"Marahaba." Akanyamaza kidogo. "Umeweka majivu?"

Sikujibu.

"Mjukuu wa mfinyanzi," akasema mama, "kaa unalilaza juu ya udongo mtupu? Halina godoro?"

Nilirudi ndani. Jirani yangu aliposikia, alifungua mlango wa jiko lake la kuni, akachota majivu vijiko vitatu, akayatandaza ndani ya chetezo kwa kidole, na kuliweka kaa la nne juu yake. Lilishika. Aliweka kwanza vipande vya koni, halafu ubani, moshi ukapanda ukajigonga kwenye kioo na kutawanyika. Kisha akalichukua bakuli, akamwaga maji ya asubuhi, akafungua bomba na kulijaza tena, ingawa haikuwa saa yake. Niliaga nikitokea mlango wa nyuma. Alikuwa amelifungua dirisha kidogo, na moshi ulikuwa unatoka taratibu kuelekea upande wa kijito.